Kagera 1978 na Iraq 2003: hoja ipi ya vita ilistahili kuungwa mkono, na kwa bei gani

Rais anayewaomba wananchi wakubali vita huwaletea madai mawili kwa wakati mmoja: kwamba sababu ya kupigana ipo, na kwamba gharama yake inabebeka. Dai la kwanza hulitangaza kwa sauti kubwa. La pili hulipitia juu juu, au huliacha kabisa. Raia anayetaka kuamua kama madai ya namna hiyo yanastahili kura yake, kodi yake na pengine maisha ya mwanawe atasaidika zaidi akiviweka sambamba vita viwili ambavyo matokeo yake yamekwisha kujulikana kuliko akiisikiliza hotuba ya siku hiyo peke yake. Nimechagua vita vya Kagera, ambavyo Mwalimu Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania tarehe 2 Novemba 1978, na vita vya Iraq, ambavyo Rais George W. Bush alivipigia debe kwa zaidi ya nusu mwaka kabla ya kuviamuru mwezi Machi 2003.

Vita hivi vinafanana kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Katika vyote viwili jeshi liliingia mji mkuu wa nchi nyingine, mtawala katili akang'oka, na nchi iliyoondolewa mtawala huyo ikatumbukia katika machafuko mapya. Vinapotengana ni kwenye ubora wa ushahidi, na hapo tofauti ni kubwa mno. Kuhusu gharama, hata hivyo, marais wote wawili hawakuwapa watu wao hesabu kamili, na ndiyo maana naamini Mtanzania hapaswi kuisoma Iraq kama habari ya watu wengine.

Sababu iliyoonekana na sababu iliyotabiriwa

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo lote lililo kati ya mpaka wa Uganda na Mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba serikali ya Uganda ilitangaza kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya nchi yake, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa ili jeshi la Tanzania lisiweze kuvuka. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, raia wakauawa, na maelfu ya wanakijiji wakakimbilia kusini ya mto wakiwa na walichoweza kubeba. Amin alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza uchokozi, lakini tangazo lake mwenyewe lilimkana: mtu aliyejihami dhidi ya jirani hatangazi kwamba shamba la jirani limekuwa lake.

Kwa hiyo Nyerere aliposema katika ukumbi wa Diamond Jubilee, "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo," ile sababu haikuhitaji siri za idara ya ujasusi. Mkazi wa Bukoba alikuwa ameziona ndege za Amin kwa macho yake, na mtu wa Mwanza aliweza kuwauliza wakimbizi. Aliyetaka kumpinga rais angelazimika kukanusha jambo ambalo maelfu ya watu walikuwa wamelishuhudia. Ni haki kuongeza kwamba uadui ule ulikuwa na historia, kwani Tanzania ilimpokea Milton Obote alipopinduliwa Januari 1971, haikuitambua serikali ya Amin, na mwaka 1972 wafuasi wa Obote waliishambulia Uganda wakitokea katika ardhi yetu. Historia hiyo inaeleza chuki ya Amin. Haimpi mtu yeyote haki ya kuuhamisha mpaka, tena mpaka ambao nchi za Afrika zilikuwa zimekubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kwamba uheshimiwe kama ulivyoachwa na wakoloni.

Hoja ya Bush ilisimama juu ya msingi mwingine kabisa. Iraq haikuwa imeishambulia Marekani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Saddam Hussein alikuwa na silaha za kemikali na za kibiolojia, kwamba alikuwa akitafuta ya nyuklia, na kwamba siku moja angeweza kuwapa magaidi. Katika hotuba ya Cincinnati ya tarehe 7 Oktoba 2002, Bush alisema Marekani haiwezi kungoja ushahidi wa mwisho ambao ungekuja kwa sura ya wingu la uyoga, yaani mlipuko wa bomu la nyuklia. Raia aliyeisikia kauli hiyo aliwekwa mahali pabaya, kwa sababu kukosekana kwa ushahidi hakukuhesabiwa tena kuwa udhaifu wa hoja bali kulifanywa sehemu ya hatari yenyewe, na hoja ya namna hiyo haiwezi kushindwa kwa mjadala wa kawaida.

Kisa cha Niger kinaonyesha hoja hiyo ilivyojengwa. Katika hotuba ya hali ya taifa ya tarehe 28 Januari 2003, Bush alisema kwamba serikali ya Uingereza imebaini kuwa Saddam alitafuta kiasi kikubwa cha urani kutoka Afrika. Afrika iliyokusudiwa ilikuwa Niger. Shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limekwisha kumtuma huko balozi mstaafu Joseph Wilson mnamo Februari 2002, naye akarudi na jibu kwamba biashara hiyo haielekei kuwapo. Mkuu wa shirika hilo alikuwa pia ameomba dai hilo liondolewe katika hotuba ya Cincinnati, na likaondolewa. Miezi mitatu baadaye likarudi katika hotuba kubwa kuliko zote za mwaka, safari hii likiegemezwa kwa Waingereza. Nyaraka zenyewe zilipofika mikononi mwa Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki, barua moja ya mwaka 2000 ilikutwa na sahihi ya waziri wa mambo ya nje wa Niger ambaye alikuwa ameondoka katika wadhifa huo tangu 1989. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka hizo si za kweli. Wiki mbili baadaye mabomu yalianza kudondoka Baghdad, na Ikulu ya Marekani ilisubiri hadi Julai ndipo ikakiri kwamba sentensi ile haikupaswa kuwamo katika hotuba.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo tunayajua kwa kuwa tunatazama nyuma. Sikubaliani. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix walirudi Iraq Novemba 2002, wakafanya ukaguzi wa takriban mara 700, na hawakupata silaha zilizodaiwa. Walichoomba ni muda zaidi. Barazani, Angola, Cameroon na Guinea, wanachama watatu wa Afrika wa wakati huo, walibembelezwa na kushinikizwa wakubali azimio la pili la kuhalalisha vita, na azimio hilo halikupigiwa kura kwa sababu kura za kulipitisha hazikuonekana. Shaka ilikuwapo kabla ya vita, na ilikuwa na msingi. Ripoti ya Charles Duelfer ya mwaka 2004 ilithibitisha kwamba maghala ya silaha hayakuwapo.

Lengo lililosogea

Hapa Mtanzania hana budi kuwa mwangalifu asijisifu mno. Sababu ya Nyerere ilikuwa kumtoa adui Kagera, na mwanzoni mwa 1979 kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Majeshi yetu hata hivyo yalivuka Mutukula, mji wa mpakani, yakauteka mji wa Masaka mwishoni mwa Februari na kuubomoa vibaya kwa kisasi, kisha yakaendelea. Kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi, alimtaka Nyerere aondoe majeshi yake ndani ya saa 24, na askari wa Libya wakaletwa kumwokoa Amin. Vita vya Lukaya vya mwezi Machi vilipiganwa dhidi yao pia. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni askari wa Tanzania walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Lengo lilikuwa limesogea kutoka kukomboa ardhi hadi kuiondoa serikali ya nchi nyingine, jambo ambalo mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukuliruhusu. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia Julai 1979, Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Nyerere alijibu kwamba umoja huohuo ulinyamaza Amin alipowaua raia wake na alipoivamia nchi ya jirani. Mimi naona jibu lake lilikuwa na nguvu kimaadili, kwa kuwa kumwacha Amin Kampala kungekuwa kumngojea arudi. Lakini jibu hilo lilitolewa kwa marais wenzake. Watanzania, ambao watoto wao walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka Mutukula hadi Arua, hawakuwahi kuulizwa kama vita vya pili, vya kuibadilisha serikali ya Uganda, waliviafiki pia.

Bush naye lengo lake lilihama, lakini kwa namna mbaya zaidi. Silaha zilipokosekana, sababu iliyowekwa mbele ikawa kueneza uhuru na demokrasia Mashariki ya Kati, sababu ambayo wabunge hawakuipa uzito mkubwa hivyo walipopiga kura Oktoba 2002. Nyerere aliongeza lengo juu ya sababu iliyokwisha kuthibitika. Bush alihitaji lengo jipya kuziba pengo la sababu iliyoporomoka. Kwa anayepima, hilo la pili ndilo linalopaswa kutia hofu zaidi.

Bei

Septemba 2002 mshauri wa uchumi wa Bush, Lawrence Lindsey, alikisia kwamba vita vya Iraq vingegharimu kati ya dola bilioni 100 na 200. Ikulu ilikanusha kwamba kiasi kingefika huko, mkuu wa bajeti akataja bilioni 50 hadi 60, na kabla mwaka haujaisha Lindsey alikuwa ameondoka kazini. Februari 2003 mkuu wa majeshi ya nchi kavu, Jenerali Eric Shinseki, aliiambia kamati ya Seneti kwamba kuidhibiti Iraq kungehitaji askari laki kadhaa. Naibu waziri wa ulinzi, Paul Wolfowitz, akasema makadirio hayo yamepotoka mno. Wolfowitz huyohuyo aliwaambia wabunge mwezi Machi kwamba mafuta ya Iraq yangeweza kuingiza dola bilioni 50 hadi 100 katika miaka miwili au mitatu, na kwamba nchi hiyo ingeweza kugharimia ujenzi wake yenyewe.

Ilivyokuwa ni kwamba Bunge la Marekani liliidhinisha zaidi ya dola bilioni 800 kwa vita hivyo pekee. Mwaka 2008 wachumi Joseph Stiglitz na Linda Bilmes walikadiria kwamba ukijumlisha riba, matibabu ya majeruhi na hasara kwa uchumi, gharama inafika dola trilioni 3. Fedha hizo zilikopwa. Lyndon Johnson, katikati ya vita vya Vietnam, alikuwa angalau na ujasiri wa kuwaongezea Wamarekani asilimia 10 juu ya kodi zao za mapato mwaka 1968, na kila mlipakodi akaijua bei; Bush alisaini sheria ya kupunguza kodi tarehe 28 Mei 2003, miezi miwili na ushei baada ya vita kuanza. Hata majeneza ya askari yaliyoshushwa katika kambi ya Dover hayakuruhusiwa kupigwa picha hadi 2009. Karibu askari 4,500 wa Marekani walikufa kufikia mwisho wa 2011, na raia wa Iraq waliouawa kwa hesabu za tahadhari walizidi 100,000.

Tanzania haikuwa na mahali pa kukopa kirahisi namna hiyo. Jeshi lilipanuliwa kwa kasi, mgambo wakaingizwa kwa maelfu, magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari na vyakula, na vijiji vikachangia ng'ombe na nafaka. Gharama inakadiriwa kuwa takriban dola milioni 500, kiasi kidogo mbele ya cha Iraq, lakini kilichotolewa na nchi maskini ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa imeshuhudia Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika na ambayo mwaka huohuo wa 1979 ilikutana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Askari wa Tanzania waliofariki wanatajwa kuwa 373, wengi wao kwa ajali na maradhi kuliko kwa risasi, na raia waliouawa Kagera wanakadiriwa kuwa 1,500. Mashujaa wengi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba.

Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Hiyo ilikuwa ahadi yenye tarehe, na haikutimia. Kabla mwaka 1979 haujaisha waziri wa fedha, Edwin Mtei, alikuwa amejiuzulu baada ya kutofautiana na rais juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka iliyofuata ndiyo ile ambayo watu wazima wa leo wanaikumbuka kwa foleni za maduka ya kaya, kipande cha sabuni kilichokatwa na kugawanywa, sukari iliyopatikana kwa kujuana na mlanguzi, na kanga moja iliyovaliwa kwa zamu na mama na binti. Si haki kuyabebesha vita vya Kagera hayo yote, maana ukame, mashirika ya umma yaliyokuwa yakiendeshwa kwa hasara na bei za mazao yetu katika soko la dunia vilichangia sana. Lakini vita viliiondoa akiba ambayo ingetuvusha, na hesabu ya kiasi gani cha dhiki ile kilitokana na Kagera, kiasi gani na kukaa Uganda hadi 1981, na kiasi gani na sera zetu wenyewe haikuwekwa mezani mbele ya mwananchi wakati ambapo ingesaidia kuamua jambo.

Nani aliruhusiwa kuuliza

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Marekani ilikuwa na mjadala na Tanzania haikuwa nao. Kwetu kulikuwa na chama kimoja, redio moja ya taifa, na magazeti ya chama na serikali. Aliyeuliza juu ya gharama mwaka 1979 angeonekana anawasaliti waliokuwa mstari wa mbele.

Marekani ilikuwa na kila kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, na bado Baraza la Wawakilishi lilimpa Bush kibali kwa kura 296 dhidi ya 133 na Seneti kwa 77 dhidi ya 23. Tathmini ya kijasusi ya kurasa zipatazo 90, yenye maelezo ya wataalamu wa Wizara ya Mambo ya Nje waliotilia shaka dai la nyuklia, iliwekwa mahali ambapo maseneta wangeweza kuisoma, na walioisoma yote walikuwa wachache. Bob Graham, aliyeisoma, alipiga kura ya hapana. Gazeti la New York Times lilikiri Mei 2004 kwamba halikuyahoji madai ya silaha kwa ukali uliostahili. Uhuru wa kuuliza ulikuwapo, na wenye wajibu wa kuutumia hawakuutumia kwa wakati. Faida yake ilionekana baadaye, kwa tume, ripoti na ushahidi wa hadharani, ambavyo ndivyo vinavyoniwezesha kuandika habari za Iraq kwa undani kuliko za nchi yangu mwenyewe.

Cha kuchagua

Nikilazimika kuchagua kati ya hoja mbili hizi, naunga mkono ya Nyerere hadi ukingo wa Mutukula bila kusita, na kuanzia hapo naiunga mkono kwa sharti kwamba ningepewa hesabu. Ya Bush ningeikataa mapema, tarehe 7 Machi 2003 kama si kabla, kwa kuwa hoja inayotegemea barua ya kughushi haistahili hata askari mmoja. Msomaji anaweza kupima tofauti na mimi kuhusu Kampala, na wapo Waganda wenye haki ya kusema kwamba yaliyofuata, yaani serikali zilizopishana ndani ya miezi, uchaguzi wa Desemba 1980 uliozozaniwa na vita vya msituni vilivyodumu hadi 1986, yalikuwa bei ambayo wao ndio walioilipa.

Kwa anayeishi Afrika Mashariki leo, uchaguzi wa kweli uko katika utaratibu. Ibara ya 44 ya Katiba ya Tanzania inamruhusu Rais kutangaza hali ya vita kwanza, kisha Spika analiitisha Bunge ndani ya siku 14 ili lifikirie kama litaunga mkono. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 132, inataka idhini ya Bunge kabla ya tangazo. Utaratibu wa Kenya ni bora kwa vita vya kuchagua, kama Iraq. Wa Tanzania unafaa adui anapokuwa amekwisha kuvuka mto. Hata hivyo, majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011 serikali ikieleza kwamba inajihami, na Bunge halikuwa limepiga kura kwanza, kwa hiyo ibara pekee haitoshi. Wala hakuna ibara kati ya hizo inayomlazimisha rais kutaja gharama.

Mbunge anayeitwa ndani ya siku hizo 14 anaweza kudai mambo ambayo katiba haikuyataja: azimio litaje lengo kwa jina la mahali, lionyeshe fedha zitatoka katika kodi au mkopo upi, na liishe kwa tarehe maalumu ili serikali irudi kuomba upya ikiwa lengo limesogea. Kibali alichopewa Bush Oktoba 2002 hakikuwa na tarehe ya kuisha. Januari 2020, miaka 13 baada ya Saddam kunyongwa, serikali ya Rais Donald Trump ilikitaja kuwa sehemu ya msingi wa kisheria wa kumuua jenerali wa Iran, Qasem Soleimani, karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad.